Dagaa wa Kigoma wanapungua: ni nyavu, ni joto la ziwa, au kuna kingine?

#1 Binti Katonga
Wakuu, salaam. Naanika dagaa mwalo wa Katonga, pale boti zinaposhusha samaki, hapa Kigoma tangu 2003, nilianza kwa kumsaidia mama mkubwa. Enzi hizo boti zikirudi alfajiri unakuta wanawake tumeshagombania nafasi za kuanikia, maana dagaa walikuwa wanajaa mpaka wengine wanaanika juu ya mawe. Siku hizi vichanja vipo, vizuri kabisa, ila asubuhi nyingi vinakaa vitupu. Giza lililopita, zile siku zisizo na mwezi ambazo dagaa huvuliwa kwa taa, nimepata mabeseni sita tu, giza zima. Na dagaa wenyewe vijidogo, vikikauka ukivishika vinapukutika kama majani makavu.

Sasa Jumapili vijana wawili walibishana pale mwaloni nusura washikane mashati. Mmoja anasoma chuo, anadai ziwa limepata joto na chakula cha dagaa kimepungua, na kwamba wataalamu wameliona hilo kwenye tope la chini ya ziwa. Mwenzake ni mvuvi, akamwambia joto gani, we nenda kaangalie makokoro, zile nyavu za kuvuta, usiku. Tulitawanyika bila jibu.

Nauliza kwa dhati, kwa sababu nina watoto watatu wanaosoma kwa hawa dagaa: kati ya hao wawili nani mkweli?

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Ngoja waje wenye ziwa lao.

#3 Sibwesa Asilia
Dada Katonga, jibu unalo hapo hapo mwaloni. Nyavu.

Baba yangu alivua na karabai nne, anajaza mafuta ya taa, anapampu, akiishiwa mafuta anarudi nyumbani. Leo mtumbwi mmoja una taa za betri kumi na kitu, zinawaka mpaka kunakucha. Ukisimama mlimani huku Sibwesa usiku wa giza utadhani kuna mji katikati ya ziwa. Na mitumbwi imekuwa mingi kuliko samaki. Juu ya hapo kuna watu wanavuta kokoro ufukweni lenye macho madogo kama chandarua, na wengine ni chandarua chenyewe kile cha mbu. Wanatoa watoto wa samaki wasiofika hata ukucha wa kidole. Nimewaona kwa macho yangu, ndoo nzima ya vitoto, wanaenda kulisha bata.

Joto ni kisingizio cha kutufanya tusishikane sisi kwa sisi.

#4 Ticha Kasulu
Mkuu Sibwesa nakuheshimu, ila usiliite kisingizio. Huyo kijana wa chuo hakubuni.

Mwaka 2003 kikundi cha watafiti kikiongozwa na Catherine O'Reilly kilichapisha kwenye jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mwani katika Ziwa Tanganyika huenda umeshuka kwa takriban asilimia 20, na wakakadiria kwamba mavuno ya samaki yangeshuka kwa karibu asilimia 30 kwa sababu hiyo. Mwaka huo huo Verburg na wenzake walilinganisha vipimo vya joto vya wakati wao na vile vilivyochukuliwa 1913. Ziwa lilikuwa limepata joto, mpaka maji ya kina kirefu.

Naeleza ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Chukua mchuzi wenye mafuta mengi, uache utulie. Mafuta yanakaa juu, mchuzi chini. Ziwa letu liko hivyo. Maji ya juu ni ya moto, ni mepesi. Ya chini ni ya baridi kidogo, ni mazito. Tofauti ni nyuzi chache tu, ila zinatosha kuyatenganisha. Sasa mbolea yote ya ziwa, yaani mabaki ya viumbe waliokufa yakaoza, iko chini. Juu kuna mwanga lakini mbolea haba. Anayeyakoroga ni upepo wa kusini, ule wa kuanzia Mei mpaka Septemba. Unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, Bujumbura, na kule kusini, Mpulungu na Kasanga, maji ya chini yanapanda na mbolea yake, mwani unaota, vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa, na wewe dada unapata cha kuanika.

Maji ya juu yakizidi joto, mafuta yanakuwa mepesi zaidi juu ya mchuzi. Upepo ule ule hauwezi tena kukoroga kama zamani. Na walisema upepo wenyewe ulipungua nguvu.

#5 Sibwesa Asilia
Ticha, mfano wa mchuzi nimeuelewa, asante. Ila hao watafiti wa 2003 waliwahesabu dagaa, au walihesabu mwani halafu wakakadiria dagaa? Maana umesema mwenyewe "wakakadiria".

#6 Mpiga Ramli wa Takwimu
#5 umegonga palepale. Ticha ameleta nusu ya kisa.

Mwaka 2006 Mfini Jouko Sarvala na wenzake, ambao walilifanyia kazi ziwa hili miaka ya 90 chini ya mradi wa FAO, walijibu kwamba mabadiliko ya mavuno ya samaki wa Tanganyika yanatokana hasa na namna uvuvi ulivyobadilika, na si hali ya hewa. Hoja yao ukiisikia inaeleweka: meli za uvuvi zinaondoka eneo moja, zinaenda lingine, mitego inabadilika, anayehesabu anahesabu vibaya, halafu unachora mstari unaoshuka na kusema ni joto. Mstari wa mavuno unaonyesha walichovua watu. Hauonyeshi kilichomo ziwani.

Kwa hiyo 2003 hadi 2006 wanasayansi wenyewe walikuwa wanabishana kama wale vijana wa Katonga. Tofauti ni kwamba wao hawakushikana mashati.

#7 Ujiji Kwetu
Mpaka hapa uzi umeshakuwa mtamu kuliko migebuka ya kuchoma pale bandarini. Endeleeni.

#8 Ticha Kasulu
Mpiga Ramli, ni kweli nilikuwa sijafika huko, asante kwa kunikumbusha. Lakini kisa hakikuishia 2006.

Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walikuja na njia isiyotegemea hesabu za wavuvi kabisa. Wanashusha bomba mpaka sakafu ya ziwa, wanatoa tope likiwa limesimama kama muwa. Kule chini hakuna kiumbe wa kulichimbua, kwa hiyo linalala tabaka juu ya tabaka mwaka hadi mwaka, la kiangazi jeupe kwa magamba ya mwani, la masika jeusi. Ndani yake wanahesabu vipande vya mifupa, meno na magamba ya samaki. Wakakuta samaki walianza kupungua sambamba na joto kupanda, na kupungua huko kulianza karne ya 19, kabla ya uvuvi wa kibiashara uliokuja katikati ya karne ya 20.

Sibwesa, mwaka 1880 kulikuwa na chandarua cha mbu Sibwesa?

#9 Sibwesa Asilia
Hakikuwepo. Ila leo kipo. Mtu akiumwa malaria halafu akagongwa na pikipiki, huwezi kuniambia kilichomvunja mguu ni malaria.

#10 Siti ya Mbele
😂😂 Ticha, jibu hilo.

#11 Papa Kalemie
Bandugu, jambo sana. Miye niko Kalemie, ng'ambo yenu kabisa. Watu wa Kigoma wanasemaga samaki wamekimbilia Congo. Hapana. Huku ndakala, hao dagaa wenu, zimepungua vile vile, na bei imepanda mpaka mama anapima kwa kikombe kidogo.

Kwetu wazee wanasema ni maji. Tangu mvua za 2019 na 2020 ziwa lilipanda, likala nyumba, likala barabara ya bandari. Fasi samaki alikuwa anazalia pa zamani sasa iko chini ya maji mengi. Wanasema samaki amepotea njia.

#12 Mzee wa Kabwe
Hata sisi huku. Miembe ya ufukweni imesimama majini. Lakini ninavyojua mimi, dagaa wakiona taa nyingi wanashuka chini kabisa, wanakaa huko. Siku taa zikipungua watapanda wenyewe. Ziwa lina kina cha mita 1,470, unadhani samaki wanakosa pa kujificha? Wapo, wamejaa tele huko chini. Tusitishane.

#13 Kamba Ndefu
Shikamoo mzee wangu wa Kabwe. Naomba nikurekebishe kwa adabu, kwa sababu hili nimelinusa kwa pua yangu.

Nikiwa kijana nilipata kibarua kwenye boti la watafiti hapa Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kamba. Asubuhi tunaanza na sahani, duara la bati lililopakwa nyeupe na nyeusi, nalishusha polepole, mtaalamu ameinama anachungulia. Lisipoonekana tena ananiambia simama, tunasoma mita. Siku ya maji tulivu nilikuwa nafikisha mita 10 na zaidi bado bati linameta. Baadaye inakuja chupa. Ni bomba lililo wazi pande zote mbili, unalishusha mpaka kina unachotaka, halafu unaachia kipande cha chuma kiteleze kwenye kamba, kikifika chini kinagonga, chupa inajifunga na maji ya kina kile kile. Mkono unasikia mgongo wa kamba ukitikisika kidogo, ndipo unajua imefunga.

Maji ya mita 20, mita 50, safi, unaweza kunywa. Siku moja tukashusha mpaka mita 250. Kuvuta kamba hiyo mikono iliwaka moto. Chupa ilipofunguliwa boti zima tuligeuza nyuso. Yai viza, mzee wangu. Harufu ya yai viza kabisa. Mtaalamu akatueleza kwamba kule chini hakuna hewa hata chembe, kuna gesi ya uozo tu. Huku kaskazini hewa inaishia kama mita 100 hivi, kusini inashuka mpaka 200 na zaidi kidogo. Chini ya hapo, hadi hizo mita 1,470, hakuna samaki anayeweza kuishi. Hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo ziwa tunaloliona refu kwenda chini ni kama ghorofa lenye vyumba vingi, lakini samaki wamepangishwa chumba cha juu tu.

#14 Binti Katonga
Kamba Ndefu umenitisha. Miaka yote nakaa juu ya hilo ziwa sikujua. Kwa hiyo mbolea anayoisema Ticha ndiyo iko kwenye hayo maji yanayonuka?

#15 Kamba Ndefu
Ndiyo dada. Ndiyo maana nasema Ticha ana hoja. Mbolea imefungiwa ghorofa ya chini na mwenye ufunguo ni upepo.

#16 Ticha Kasulu
Na nyongeza kwa Kamba Ndefu: ule utafiti wa 2016 ulikadiria pia kwamba, katika maeneo waliyoyapima, sehemu ya sakafu ya ziwa yenye hewa imepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940. Chumba cha juu chenyewe kinazidi kuwa kifupi. Hilo linawagusa zaidi konokono, kaa na samaki wa pembeni kuliko dagaa wanaoelea, lakini mjue.

#17 Mwana wa Kirumba
Poleni sana watu wa mwisho wa reli. Hameni mje Mwanza, huku dagaa ndio samaki wanaovuliwa kwa uzito mkubwa kuliko wote ziwani, na ziwa letu halifiki hata mita 100 kwenda chini. Dagaa wamo, tunawapakia malori.

#18 Ujiji Kwetu
Dagaa wa Mwanza nikiwapika watoto wananiuliza mama mbona leo tunakula mchanga. Kaa kimya kaka.

#19 Mwana wa Kirumba
Hahaha, mchanga ni wa kuanikia chini, siku hizi tuna vichanja. Acha fitina.

#20 Ticha Kasulu
Watani, hao si ndugu. Dagaa wa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa, jamaa yake ni ningu. Wa Tanganyika wana asili ya samaki wa baharini, ukoo wa akina sadini, wazee wao waliingia mito ya Afrika Magharibi na Kongo mamilioni ya miaka iliyopita. Ndiyo maana wana mafuta na ile harufu. Hivyo yanayotokea Victoria hayatupi jibu la huku. Victoria lina shida yake ya mbolea kuzidi, sisi shida yetu ni mbolea kutofika juu.

#21 Sambaza wa Goma
Hapo kwenye ukoo naomba niingie. Sambaza tunaokula Kivu ni dagaa wenu wa Tanganyika. Wabelgiji waliwaleta kati ya 1958 na 1960, wakamwaga vitoto vya aina zote mbili. Aina moja ikafa, moja ikashika. Leo Goma na Bukavu tunaishi kwa sambaza. Baadaye wakapelekwa Kariba, Zambia na Zimbabwe wanawaita kapenta. Kwa hiyo watu wa Kigoma mmelisha nchi nyingi.

#22 Siti ya Mbele
Aina mbili? Mimi nilijua dagaa ni dagaa.

#23 Mukeke
Ni aina mbili ndugu. Niko Rumonge, Burundi. Ndagala mwembamba anayeng'aa ndiye mwingi, wataalamu wanamwita Stolothrissa. Mwenzake mkubwa zaidi sisi tunamwita lumpu, ndiye Limnothrissa, huyo ndiye aliyeshika Kivu.

Na hapa nataka kumrudia Sibwesa (#3), kwa sababu kokoro lako lina kesi, ila si kesi uliyoifikiri. Ndagala wa kawaida anazaa katikati ya ziwa. Lumpu ndiye anayezaa karibu na ufuko, watoto wake wanakulia kwenye maji mafupi ya mchanga. Kokoro la ufukweni linamaliza watoto wa lumpu, na watoto wa samaki wengine wa pembeni. Watoto wa ndagala wanamalizwa na taa na wavu wa macho madogo huko mbali.

#24 Sibwesa Asilia
Mukeke nimekubali marekebisho. Kwa hiyo makosa ni mawili, si moja. Wote wakamatwe.

#25 Mukeke
Bado kuna jambo linanisumbua miaka mingi, labda Ticha anisaidie. Baba yangu alifanya kazi kwenye meli ya Mgiriki. Wagiriki walianza miaka ya 50 na nyavu za kuzungushia, meli ya chuma, taa kubwa. Walianza kwa kumaliza wakubwa: sangala, nonzi, wale wa kilo nyingi. Baba alisema mwanzoni walikuwa wanatoa sangala wa kubebwa na watu wawili, miaka ikapita wakawa hadithi. Mpaka miaka ya 90 huku Burundi meli hizo zikawa hazina faida, nyingine zikahamia Mpulungu kufuata mukeke, huo mgebuka wenu.

Swali langu: hao wakubwa ndio waliokuwa wanakula ndagala. Wakiisha, si ndagala walitakiwa kuongezeka? Mbona nao wamepungua?

#26 Mpiga Ramli wa Takwimu
Swali zuri kuliko yote humu. Kwa miaka kadhaa huko kaskazini ndagala walitawala mavuno kweli, na kusini wakatawala migebuka. Kwa hiyo sehemu ya hesabu yako ilitimia. Halafu binadamu akachukua nafasi ya sangala. Hesabu ya pamoja ya nchi nne ya 2011 ilikuta wavuvi karibu 95,000 ziwani. Sangala akishiba analala, sisi hatulali.

#27 Ticha Kasulu
Au mlaji alipungua na chakula cha dagaa kikapungua wakati mmoja, vikafutana. Siwezi kukataa la Mpiga Ramli wala yeye hawezi kukataa langu kwa kutumia mavuno peke yake.

#28 Mama Heri wa Mwandiga
Mmesahau milima. Nimezaliwa Mwandiga, nikiwa mdogo vilima vya kuelekea ziwani vilikuwa na miti. Sasa ni mihogo na udongo mwekundu mtupu. Mvua ikinyesha ziwa linakuwa kama chai ya maziwa mpaka mbali. Samaki gani ataishi kwenye tope?

#29 Kamba Ndefu
Mama Heri shikamoo. Tope ni shida ya kweli, nimepiga mbizi kwenye miamba iliyofunikwa udongo, hakuna kitu, na miamba safi ya mbele kidogo inachezewa na samaki wa kila rangi, wale wadogo wa kwenye mawe wanaouzwa Ulaya kwenye vioo. Watafiti walipima wakakuta hivyo hivyo, penye tope aina za viumbe ni chache. Lakini dagaa anaishi maji ya wazi kilomita kadhaa huko. Tope la Mwandiga linawaua majirani zake, yeye halimfikii sana.

Nenda Mahale uone tofauti. Hifadhi ile inajumuisha maji mpaka kilomita 1.6 kutoka ufukoni, hakuna kuvua. Kuhe wanakuja kukutazama usoni.

#30 Ujiji Kwetu
Kuhe! Jamani msitaje kuhe saa hizi. Kuhe wa nazi na ugali wa muhogo.

#31 Siti ya Mbele
Na vile vitu vya uwazi kama sarafu vinavyoelea ni nini? Mwanangu alivileta kwenye kikombe akasema ni macho ya samaki.

#32 Kamba Ndefu
Ni konyeza wa maji baridi, mwambie mtoto asiogope, hawawashi. Wazungu walipowakuta ziwani humu miaka ya 1880 walibishana sana kama ziwa liliwahi kuwa bahari. Halikuwa.

#33 Papa Kalemie
Turudi kwa samaki. Kufunga ziwa je? 2024 walifunga miezi mitatu. Huku watu walilia njaa, lakini walipofungua wiki ya kwanza niliona ndakala ya unene sijaona miaka mingi. Hiyo si ni ushahidi wa nyavu? Joto la miaka mingi halikuisha kwa miezi mitatu.

#34 Sibwesa Asilia
Papa Kalemie Mungu akubariki. Ndicho ninachosema tangu #3.

#35 Binti Katonga
Nami niliwaona. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 nilikaa bila kazi, nikauza vitenge viwili vya harusi yangu ili mtoto wa mwisho abaki shule. Sisemi ili nionewe huruma, nasema ili anayepanga kufunga ajue nani analipa. Waliopanga walitaja wavuvi, waanikaji hatukutajwa popote. Ziwa lilipofunguliwa kweli dagaa walikuwa wanene. Kufika wiki ya tatu walishakuwa wadogo tena.

#36 Ticha Kasulu
Pole sana dada, hilo la vitenge limenigusa.

Kuhusu ushahidi wa Papa: ndagala anaishi mwaka mmoja hivi, akizidi sana mwaka na nusu. Miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya maisha, kwa hiyo ukimwacha atanenepa upesi, hata ziwa likiwa na chakula kidogo. Hiyo inathibitisha kwamba nyavu zinawakata mapema. Haithibitishi kwamba ziwa linatoa dagaa wengi kama la 1960. Pia kumbuka Mei hadi Agosti ndio msimu wa upepo wa kusini. Tulifunga wakati ule ule ambao ziwa linakorogwa. Utatenganishaje kilicholetwa na kufunga na kilicholetwa na upepo?

#37 Mpiga Ramli wa Takwimu
Ungetenganisha kama upande mmoja ungefunga na mwingine usifunge. Lakini hapo kuna kikwazo: mwaka 2019 ulitoka utafiti wa vinasaba vya Stolothrissa, wakakuta hakuna makundi tofauti. Wa Bujumbura na wa Mpulungu ni kundi moja, wanachanganyika. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na nchi nne, Congo na Tanzania zina sehemu kubwa, Burundi na Zambia kidogo, lakini dagaa ni wa kundi moja. Kigoma ikifunga peke yake, Kalemie inavuna. Kwa hiyo mnafunga pamoja, na mkifunga pamoja hamna wa kulinganisha naye.

#38 Papa Kalemie
Lakini angalau hapo tunakubaliana samaki wa Kalemie na wa Kigoma ni mmoja. Mje mseme tena wamekimbilia Congo.

#39 Mzee wa Kabwe
Marahaba Kamba Ndefu, nilichelewa kurudi. La yai viza nimelikubali, nimewasimulia na wenzangu hapa. Ila nibaki na swali moja. Zamani dagaa walikuwa wanapotea miaka miwili mitatu, kisha wanarudi mpaka tunawamwaga. Babu yangu aliyaona hayo. Mnajuaje huu si mpotevu wa kawaida?

#40 Ticha Kasulu
Mzee, hilo ni kweli, hupanda na kushuka mwaka kwa mwaka kufuatana na upepo. Joto la maji ya juu nalo limepimwa kwenye tope la tangu miaka 1,500 nyuma, na karne ya 20 ndiyo iliyozidi zote. Lakini mavuno ya mwaka huu kuwa madogo, hilo peke yake siwezi kukuambia ni ule mpotevu wa babu au ni huu mwingine.

#41 Binti Katonga
Wakuu wote asanteni. Wale vijana wawili nitawasomea uzi huu wote, kila mmoja atapata pa kujivunia.

Mimi nimeamua kitu. Nina daftari la madeni la tangu 2011, kila giza nimeandika mabeseni niliyonunua na bei. Sikuwahi kuandika ukubwa wa dagaa. Kamba Ndefu, nikitaka kupima napimaje? Sina mzani wa kitaalamu.

#42 Kamba Ndefu
Dada, hilo daftari ni mali, usilipoteze, lipige picha ukurasa kwa ukurasa leo hii. Kupima ni rahisi. Chukua rula ya shule. Kwenye kila boti unalonunua chota konzi moja bila kuchagua, hesabu dagaa 30, usiwachague wazuri. Mlaze dagaa kwenye rula, anzia ncha ya pua mpaka pale mkia unapogawanyika, usiende mpaka ncha ya mkia maana inakatika. Andika kwa milimita. Pima wakiwa wabichi, wakikauka wanasinyaa. Andika na upepo ulikuwaje usiku huo, waulize waliovua.

#43 Mukeke
Na utenganishe ndagala na lumpu, la sivyo hesabu itachanganyika.

#44 Papa Kalemie
Shangazi yangu anauza hapa sokoni Kalemie. Nitamnunulia rula, apime siku zile zile mnazopima Katonga.

#45 Sibwesa Asilia
Nitapima kwenye mtumbwi wangu, kabla hawajafika kwa wachuuzi. Giza linaanza lini?

#46 Binti Katonga
Alhamisi.